Mlango wa Pili

Jumanne, 6 Februari

Kobe,

Hujambo huko. Hii ni barua, si amri, kwa hiyo kaa chini uisome ukinywa chai.

Mimi ndiye ile sauti ya redio ya kituo kikuu inayokwambia "nimekupata" kila unaposimamisha gari. Hatujawahi kuonana, lakini nadhani nakujua kuliko majirani zangu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu redioni tunasikilizwa na vituo vyote, na nina jambo la kukusuta ambalo sitaki wengine walifanye kichekesho. Nampa dereva wa gari la mahitaji, atakuletea Alhamisi pamoja na unga na betri.

Kwanza nikusifu. Askari wenzako wakisimamisha gari la mtu barabarani wanabwata "tumesimama", basi, wamepotea. Nabaki natazama saa na roho iko juu. Wewe unataja uko wapi, gari la aina gani, namba zake, watu wangapi ndani, mikono yao iko wapi. Kisha unasema "tuko wawili, tunashuka", na unabana kitufe cha redio yako ya mkononi mpaka wote mmekanyaga chini, kama utaratibu unavyotaka. Vijana wa hapa wamekubandika jina la Kobe kwa kukukejeli, eti gari likisimama unaingia kwanza kwenye gamba lako kutafakari. Waache wacheke. Mimi nikisikia ni wewe, mabega yangu yanashuka.

Sasa la kukusuta. Kuna wiki kadhaa nasikia mlango mmoja tu wa gari lenu ukifungwa. Zamani nilisikia wako, kisha wa Mluzi, kisha na mluzi wenyewe, ule wimbo wake usiofika mwisho. Siku hizi ni wako peke yake. Mwenzako amenenepa mpaka hatoki kwenye kiti? Mwambie Mama Redio amesema hivi: wa pili habaki garini. Wa pili anashuka, anasimama kando nyuma, anakuwa macho yako wakati wewe unaongea na dereva. Usimdekeze. Akigoma nitamtangaza hewani.

Huku ni salama. Chumba cha redio kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta wamepaka rangi upya. Hizo ndizo habari za mjini.

Mama Redio


Alhamisi, 8 Februari

Mama Redio,

Salamu. Dereva ameshawasha gari na ananipigia honi, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Barua yako nimeisoma mara mbili kabla hawajamaliza kushusha unga. Barua zinazofika hapa ni za ofisi, zinaanza na "rejea" na kumalizia na mhuri. Hii ya kuulizwa hujambo nimeikunja nikaiweka mfukoni.

Kuhusu Mluzi, umenishika. Ni meno. Jino la nyuma limemvimbisha shavu, hawezi kupiga mluzi, na upepo wa hapa ukimgusa anataka kulia, basi nilikuwa namwacha garini. Nimekosea, nakiri. Nimemkemea kwa niaba yako, akaguna. Kuanzia kesho utasikia milango miwili.

Hapa kwetu ni vyumba viwili, bendera na barabara. Tuko wawili, lakini hata wawili ni wachache kwa mahali kama hapa. Ukipata nafasi uandike tena, hata kama ni habari za ukuta.

Kobe


Jumapili, 11 Februari

Ndugu yangu Mluzi,

Nimeandika jina la shemeji juu ya bahasha ili dereva asiulize maswali. Yeye anajua uko doria ya miguu. Kila Alhamisi uko doria ya miguu. Ameanza kusema wewe ni mchapakazi sana.

Shemeji anaendeleaje? Ule upande uliokufa ganzi umeanza kusikia? Mwambie namsalimu, na asiwe na wasiwasi juu ya kazi yako.

Ila nikwambie yaliyonikuta. Mama Redio amegundua. Si yote, ila amegundua kwamba anasikia mlango mmoja. Yule mama ana masikio ya ajabu. Nilimdanganya kwamba una jino bovu, na tangu siku hiyo nafanya kituko ambacho ungekiona ungegaagaa chini kwa kicheko. Nikisimamisha gari la mtu nasema "tuko wawili", nabana kitufe, nashuka, nafunga wangu. Kisha nazunguka kwa nyuma ya gari letu kama tulivyofundishwa, nafungua wako, naupiga. Halafu ndipo naanza kazi. Watu wananitazama kama nimechanganyikiwa. Juzi mama mmoja aliniuliza kwa huruma, "Afande, umepoteza nini?"

Nilikwambia nenda, nitasema wawili, na sijutii. Walikunyima ruhusa mara mbili huku mkeo amelala chini hawezi hata kushika kijiko. Lakini tulisema wiki mbili, ndugu yangu, na zimepita. Nikiwaambia wakubwa ukweli, askari mmoja haruhusiwi kutoka doria, kituo kitafungwa, na wewe watakufukuza kwa kutoroka zamu. Na bila kazi hiyo sijui shemeji atatibiwa na nini.

Nisikufiche, upweke umenizidi. Asubuhi natoa vikombe viwili. Nikikumbuka nakirudisha kimoja. Jana sikukirudisha, nilikiacha tu pale mezani mpaka jioni. Mtu pekee anayenisemesha kwa siku nzima ni yule mama, na hata yeye ninamwongopea.

Rudi mara tu utakapoweza.

Kobe


Jumatatu, 19 Februari

Kaka,

Nakuandikia nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda, barua nimeiweka gotini. Shemeji yako anakusalimu. Ni mimi ninayeandika hivyo, kwa sababu maneno yake bado hayajarudi. Ila nikitaja jina lako anafumba macho na kufumbua, na hiyo ndiyo salamu yake.

Mkono umeanza kushtuka ukiguswa. Daktari anasema ni dalili njema lakini asiachwe peke yake. Dada yake alisema atakuja kunipokea, sasa anasema mwisho wa mwezi. Nipe mpaka hapo. Kitu kimoja kinachomfanya ainue pembe ya mdomo ni nikimpigia ule wimbo ambao wewe unauchukia. Basi siku nzima napiga mluzi mpaka midomo inapasuka.

Hiyo habari ya mlango nimecheka, halafu nikashindwa kumalizia kicheko. Kobe, ukiona hatari, sema ukweli. Nitabeba mzigo wangu mwenyewe, wala sitakulaumu.

Mluzi


Jumanne, 20 Februari

Kobe,

Milango miwili nimeisikia, ahsante. Mpe pole mgonjwa wa jino. Mwambie asukutue maji ya chumvi.

Lakini na huyu naye. Wako ukishafungwa, mimi nasubiri wake mpaka naanza kupiga miayo. Anashuka kama bibi harusi anayetolewa ndani. Utani kando, Kobe, hapo kati ya mlango wako na wake uko peke yako barabarani na mtu usiyemjua, na hicho ndicho kipindi ninachokiogopa. Mwambie aharakishe. Kwa ajili yangu.

Unajua namna ninavyofanya kazi? Askari akitoka peke yake kwa dharura, akinyamaza kidogo tu natuma gari. Wakiwa wawili natulia, naweza hata kunywa chai yangu, kwa sababu mmoja akipatwa na jambo mwenzake ataniita. Ndiyo maana ya wawili. Kwa hiyo ukisema "tuko wawili", unanipa ruhusa ya kushusha pumzi.

Uliniambia niandike hata habari za ukuta. Basi nikupe za nyumbani. Mume wangu alikuwa na tabia ya kuuliza "umefika?" nikiwa bado natafuta ufunguo nje. Nami najibu "nimefika". Miaka imepita tangu tumzike, na bado nikifungua mlango nasema nimefika, kwa sauti. Halafu nasimama pale na mkoba wangu. Wanangu wako mbali na wana mambo yao, siwalaumu. Mwakani nastaafu, na watu wananiuliza nitapumzikia wapi. Mimi naogopa huko kupumzika. Sijui nitamsikiliza nani.

Usimwambie Mluzi haya, ataniimbia.

Mama Redio


Alhamisi, 22 Februari

Mluzi,

Barua yako imefika na ya Mama Redio pamoja. Najibu yako kwanza, dereva ananisubiri.

Kaa na shemeji mpaka dada yake afike. Usiniulize tena habari ya kusema ukweli, nimeshaamua. Huku hakuna hatari, ni malori na wachunga mbuzi.

Mama Redio analalamika kwamba unachelewa kushuka. Amenisihi, na hanisihi mara nyingi. Kwa hiyo nimeacha kuzunguka nyuma, napita mbele ya gari letu, ni hatua chache tu na mlango wako unalia upesi. Najua, najua. Usinihubirie. Mtu wa kwanza kukukataza kupita kati ya magari mawili alikuwa ni mimi, siku yako ya kwanza, na ulininunia mpaka chakula cha jioni.

Nitamjibu yeye wiki ijayo. Barua yake si ya kujibiwa huku honi inapigwa.

Kobe


Jumamosi, 9 Machi

Kobe,

Nesi ameniambia kwa simu kwamba sasa unaweza kusoma. Nimempigia mara nyingi mpaka ananijua kwa kikohozi. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi.

Nakwambia nilivyosikia mimi, kwa sababu nimeshaulizwa na wakubwa na nimeshawaeleza, lakini wewe ndiye niliyetaka kukueleza.

Ilikuwa mchana. Ulisema lori bovu, limesimama kwenye mwinuko, limeelekea juu, hakuna mtu ndani, mawe yamewekwa chini ya tairi. Ulisema umesimama mbali nyuma yake. Ulisema tuko wawili, tunashuka. Nikasikia mlango wako. Nikasikia hatua. Nikawa nasubiri wa Mluzi, na nikasikia kishindo. Nikasema moyoni, leo huyu ameupiga kwa hasira, meno yamemzidi. Kisha hewa ikakatika, nikajua mmeachia kitufe kwa sababu wote mmeshuka.

Nikanywa chai, Kobe. Nataka ujue hilo. Lori lilikuwa limeruka mawe likarudi nyuma likakubana kwenye bampa ya gari lako mwenyewe, na mimi nilikuwa nakunywa chai yangu kwa sababu mko wawili.

Nilipoita hukujibu. Nikasema wako kazini, wataita. Nikaita tena. Nikasema mmoja akipatwa na jambo mwenzake ataniita. Hivyo hivyo nikajidanganya mpaka nilipoona haiwezekani, nikatuma gari la kituo jirani. Walipofika walisema wamekuona wewe. Nikauliza na wa pili? Wakasema hakuna wa pili. Nikapandisha sauti, nikawaamuru wamtafute vichakani, kwamba amerushwa, kwamba amejeruhiwa. Askari mzima alikuwa anazunguka vichakani anamwita Mluzi kwa amri yangu, badala ya kusaidia kulisogeza lile lori likuachie mguu.

Nina hasira nawe. Siandiki hivyo kwa utani. Nilikwambia habari za mume wangu, na wewe ulikuwa unaniambia habari za jino. Ungeniambia ukweli ningekufokea, ndiyo, na pengine ningetoa taarifa. Lakini gari lingekuwa limeshaondoka kuja kwako kabla chai haijapoa.

Mluzi alipopata habari alikuja mwenyewe kituo kikuu, akasimama mbele ya mkuu akakiri kwamba alitoroka zamu. Amerudishwa nyumbani asubiri uamuzi, na wengi wanasema hatarudi kazini. Nilimkuta kwenye korido. Aliniamkia. Anasema mkewe sasa anaweza kusimama akishika kiti.

Kuna swali moja hakuna aliyenijibu. Kobe ninayemsikia kila siku hapiti kati ya magari mawili hata kama anafukuzwa na nyuki. Ulikuwa unatafuta nini pale mbele?

Mama Redio


Jumanne, 12 Machi

Mluzi,

Mguu wameukata chini ya goti. Usije kulia hapa, manesi wana kazi nyingi.

Nakuomba jambo moja tu, na ukinifanyia hili hatudaiani kitu maisha yote. Ile barua yangu nilimokueleza habari ya mlango, na ile ya kupita mbele, zichome. Mama Redio ameniuliza nilikuwa natafuta nini pale. Asijue kamwe. Yeye aliomba mlango ufungwe, na aliomba ufungwe haraka, kwa kunihurumia. Akijua, hatalala tena yule mama. Nitamtafutia uongo mzuri.

Mpigie shemeji ule wimbo. Sema ni mimi nimeutuma, ingawa nauchukia.

Kobe


Jumanne, 2 Aprili

Mama Redio,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila nilipoanza, nilikuwa sioni niandike nini baada ya neno "nisamehe", nikaishia hapo.

Una haki ya hasira yako, usiipunguze. Nilikuongopea, na nilifanya hivyo kila siku, na hata uliponitendea wema niliendelea. Nilifikiri namlinda Mluzi. Nadhani pia sikutaka kusema neno "mmoja" kwa sauti. Nilihisi nikilisema litakuwa kweli.

Umeuliza nilikuwa natafuta nini. Ni upuuzi. Upepo ulinipeperushia kofia, ikaangukia mbele ya gari, nikaifuata bila kufikiri. Basi. Mtu mzima na kofia yake. Wala usilitafutie maana.

Wameniruhusu kutoka hospitali. Nimepewa chumba nyuma ya kambi ya askari, cha mwisho kabisa, karibu na ukuta. Nawe unajua habari za kuta. Nina magongo mawili yanayoteleza kwenye sakafu. Askari wapya wakipita dirishani wanapunguza sauti, kana kwamba humu kuna maiti, kisha wakishapita wanacheka tena. Sahani ya chakula naletewa mlangoni. Anayeileta husema "afande", nami husema "ahsante", na hayo ndiyo mazungumzo.

Siku zile nilikuwa nakutajia kila kitu na wewe unasema umenipata. Sasa asubuhi nikiamka najikuta naendelea, kwa sauti, kama wewe na ile "nimefika" yako. Niko chumbani. Mlango mmoja, dirisha moja. Ndani yumo mtu mmoja, mikono yake inaonekana, haina kitu. Nikimaliza nasubiri jibu, kwa mazoea.

Kwa hiyo nakutumia kwa barua, kwa kuwa redio sina, na safari hii ni kweli. Kituo kikuu, niko mmoja.

Kobe


Ijumaa, 5 Aprili

Kobe,

Kofia ilikuwa kichwani. Waliokuinua waliniambia hewani siku ile ile kwamba wamekuvua kofia wakawa wanakupepea nayo. Uongo wako umezeeka, huna hata aibu.

Mluzi sikumuuliza, na yeye hakuniambia lolote kuhusu mlango, kwa hiyo usimlaumu. Nilikaa mwenyewe nikakumbuka sauti, hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu anayeshuka upande wa pili hana haja ya kutembea kabla mlango wake haujafungwa, na mimi nilikuwa nasikia hatua. Kila siku, tangu nilipokuandikia, mlango, hatua, mlango. Nilipokuandikia mara ya pili, hatua zikapungua. Siku ya lori nilisikia mlango na hatua, na nikasubiri.

Ulikuwa unakwenda kunifungia mlango. Mimi niliuomba, na mimi niliuharakisha. Nililia juu ya meza mpaka kituo cha mashariki kikaniita mara tatu. Basi, nimeshalijua, na bado niko hapa, na wewe acha kunibebea. Mguu mmoja hautoshi kubeba na mizigo yangu.

Hasira yangu bado ipo. Nitakuja nayo, pamoja na sukari na mipira ya kuvisha chini ya hayo magongo yasiteleze.

Jumapili sina zamu. Utasikia gari likisimama nyuma ya kambi, kisha mlango mmoja, kisha hatua za mtu mwenye magoti mabovu. Usinyanyuke, usizunguke popote, kaa hapo hapo ulipo. Nitauliza "upo?" nikiwa bado nje, nawe unijibu.

Nimekupata, Kobe.

Mama Redio